Mtani Wangu, Njia Bado Ipo

Mtani wangu Mwinshehe,

Salamu ya walio hai sikupi, maana hutaijibu, na wewe hukuwa mtu wa kuacha salamu bila jibu. Ile ya makaburini nimekupa mara nyingi nikiwa nimesimama ubavuni mwako huku nahema, na naamini imekufika. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye maneno. Mimi ni Saidi Maganga, fundi cherehani, Mnyamwezi wa Bagamoyo, yule uliyekuwa ukimwambia kila mtu kwamba babu zake walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora, halafu mjukuu wao anahema kufika Kaole. Basi mjukuu huyo sasa anafika Zinga, anapanda kilima chenu, anarudi mjini, na jioni bado ana nguvu ya kukanyaga cherehani. Kama hunisadiki, waulize jirani zako huko ulikolala, wananisikia nikipita.

Nakuandikia habari ya njia yetu. Ilikaribia kufa. Na kama ingekufa, mkeo asingekuwa na pa kupita kuja kukuona. Unajua siku tuliyokuzika yeye alibaki ndani na wanawake wenzake, kama desturi yetu ilivyo, kisha akaingia eda bila kulitia kaburi lako machoni hata mara moja. Hilo ndilo lililoninyima raha miezi yote hii. Kufa kwako nimekulia, na bado nalia ninapotaka, sioni haya. Lakini kufa hakupiganiki. Njia inapiganiwa.

Unakumbuka tulivyojuana? Matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha, vijana wa Bagamoyo tunakwenda Dar es Salaam kwa miguu, bendera mbele, nyimbo, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimeazima viatu, vinanibana, nachechemea kimyakimya ili nisichekwe. Ukanipita wewe, peku, Mzaramo mkwezi wa minazi mwenye nyayo ngumu kama ganda la mnazi wenyewe, ukaniuliza kabila langu. Nilipotaja tu ukacheka hadi ukashika magoti. "Alhamdulillahi, nimepata mtani! Vua viatu hivyo, mpagazi wee, unawatia aibu wazee wako." Nikavua. Kabla hatujafika Bunju ukachoshwa na ule mwendo wa maarusi, ukasema tukimbie mpaka mbele ya bendera, tukawasubiri wenzetu huko. Kiongozi wa msafara alitukemea sana, akasema tunavunja umoja. Alikuwa amechelewa, tulikwisha kuonja.

Basi ikawa kila Jumapili. Unanigongea dirisha baada ya sala ya alfajiri, tunatoka mjini kwa upande wa mikoko, tunapita Kaole kwenye yale makaburi ya kale, tunaingia minazini, tunavuka kijito, halafu kile kilima cha kwenu Mkongeni, nyuma ya Zinga, kinachonitoa roho mpaka leo. Juu kabisa, penye nyumba yako, ulikuwa ukinisimamisha na kuninyooshea kidole weupe fulani upande wa kusini, ukiapa kwamba ni maghorofa ya Dar es Salaam. Ulikuwa mwongo, Mwinshehe. Yale yalikuwa mawingu. Mimi nilijua, na nilikuitikia kwa sababu nilikuwa natafuta pumzi.

Ile mara ya kwanza tulipopita vitongojini sitaisahau. Sisi tunakimbia zetu kwa raha, kumbe watu wanatuona kwa jicho jingine. Kwetu huku mtu mzima akionekana anakimbia njiani, basi amebeba habari ya msiba. Bibi mmoja akatupa ungo wake chini, mchele ukamwagika, "Nani? Nani amekufa?" Kabla hatujafungua mdomo wanawake walikwisha kujifunga kanga viunoni na vilio vimeanza, na wanaume wameweka majembe chini wanatufuata nyuma, kila mmoja anamlilia wa kwake. Tulitumia nusu ya asubuhi kuwatuliza. Mzee mmoja akatuuliza, "Mnakimbia tu? Hakuna anayewafukuza, na hamumfukuzi mtu?" Akasema basi sisi ni wagonjwa, tupelekwe kwa mganga.

Ni wewe uliyetafuta dawa. Ukasema tusiikaribie nyumba ya mtu kabla ya kupaza sauti, "Kheri! Kheri tupu!" Na shikamoo kwa kila mkubwa, hata kama pumzi imekata. Watu wakazoea. Ikawa wao ndio wanaotangulia, wakisikia vishindo tu wanauliza kwa mbali, "Kheri?" nasi tunaitika. Watoto wakaufanya mchezo. Mpaka kule Dar, kwenye zile mbio za sikukuu, ulikuwa mbele ya watu wengi, ukafika penye wazee waliokaa kando ya barabara ukapunguza mwendo uwaamkie mmoja mmoja na kusubiri marahaba zao. Vijana wa mjini wakakupita wote. Nilipokulaumu ukaniambia ushindi wa kumpita mzee kimya hukuutaka. Nilikasirika siku nzima, maana mimi nilikuwa nimewaambia wateja wangu wote kwamba utashinda.

Na bukta! Nilikushonea bukta nzuri ya khaki, mifuko miwili, lastiki kiunoni, kazi ya fundi. Kumbe nyumba ya mama mkwe wako iko palepale njiani. Basi ukawa unakimbia na kikoi begani, ukifika kwenye mkorosho wa kabla ya kwake unasimama, unajifunga kikoi mpaka kwenye vifundo vya miguu, unapita mbele ya mkweo polepole na kwa adabu zote kama shehe anayekwenda kuswalisha, "Shikamoo mkwe wangu, habari za asubuhi," na mimi nyuma yako nauma midomo nisicheke. Ukishapinda kona, kikoi begani, mbio. Sikupata kumwona mtu mwingine anayebadilisha nguo katikati ya mbio.

Sasa habari nzito. Ile homa ilipokulaza hospitali nilidhani ni ya kawaida, ya siku mbili tatu. Wewe ulijua mapema kuliko sisi. Ulinishika mkono ukaniambia, "Mtani, mazikoni usinifanyie mzaha wa kijinga. Fanya mzuri." Nikakwambia acha upuuzi, Jumapili tunapanda kilima. Alfajiri yake ukaondoka.

Kaka yako akabaki kushughulikia gari la kukuleta, na mimi nikatumwa nitangulie kwa njia yetu, maana ni fupi kuliko barabara. Nilipofika mwisho wa nyumba za mjini miguu yenyewe ikataka kukimbia, imezoea. Nikaikataza. Kwingine kote pwani hii mwenye kukimbia ndiye mwenye habari mbaya, lakini kwenye njia ile wewe uliwafundisha watu kwamba mwenye kukimbia ana kheri. Ningewezaje kukimbia? Nikatembea. Njia ile sikuwahi kuitembea tangu tulipoianza, na sikujua ni ndefu kiasi kile. Watu wakauliza kwa mbali, "Kheri?" kama kawaida yao. Sikujibu. Nikawasikia wananyamaza nyuma yangu, kisha nikasikia nyayo zao. Mmoja aliacha kuni, mwingine aliacha jembe. Mama mkwe wako alitoka na kanga moja, akaingia njiani bila kuniuliza neno. Hata tulipofika juu kwako tulikuwa kundi la watu.

Mkeo Mwanaidi alikuwa uani anakuna nazi. Aliinua uso akaniona mimi mbele, akasimama na kifuu mkononi. "Shemeji," akasema, "mbona unatembea?"

Mpaka leo neno hilo likinijia nasimamisha cherehani.

Mazikoni nilifanya kazi yangu ya utani, na niliifanya vizuri kama ulivyoagiza. Nililiingia kaburi kabla yako nikagoma kutoka, nikawaambia Wazaramo hawajui kuchimba, pamekaa kama shimo la muhogo. Na baada ya watu kurudi nyumbani, walipokaa wameinama wote, nikachukua bukta yako nikaivaa juu ya kanzu, na kikoi begani, nikakimbia kuzunguka uwanja kwa mtindo wako: viwiko vimetoka nje kama mabawa ya kuku anayefukuzwa, kifua mbele, kichwa kimeinamia upande. Nilipofika mbele ya mama mkwe wako nikafunga breki, nikajifunga kikoi, nikapita kwa adabu. Kumbe yeye alijua siku zote! Alikuwa akikuchungulia dirishani pale kwenye mkorosho. Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka, na katikati ya kicheko akaanza kulia upya, na watu wote wakalia naye. Kilikuwa kilio kizuri. Ungekipenda.

Baadaye ikaja operesheni ya kuhamia kijijini. Ulisikia fununu zake ukiwa hai, ukasema labda haitafika Mkongeni. Imefika. Watu wote wa kilimani wameteremshwa, wamepangwa kando ya barabara ya Dar kwa mistari, kila nyumba na namba yake mlangoni. Mwanaidi amehamishwa yumo edani. Shehe alisema dharura ina hukumu yake, akasafirishwa amefunikwa gubigubi kwenye lori pamoja na vyungu na wanao, akaendelea na eda yake kwenye nyumba mpya ambayo udongo wa kuta haujakauka. Sitasema mengi ya ubaya. Zahanati imejengwa, maji yamesogea, watoto wanapiga mchakamchaka kila asubuhi kwa nyimbo na wanapita mlangoni kwa mkeo wakimwamkia. Lakini kule juu hakuna mtu tena. Mapaa yameng'olewa, nyani wanakaa kwenye baraza yako, na majani yameanza kuingia njiani. Ukabaki wewe na wazee wako makaburini, na wa kupita ni mimi peke yangu na panga langu.

Ndipo nikakuta vigingi. Jumapili moja nashuka kutoka kwako naona kamba ya katani imefungwa kukata njia yetu, palepale inapoingia kijijini. Shamba la kijiji, wakasema, trekta linakuja kulima. Nikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Kondo, unamfahamu, Mzaramo mwenzako, mtu wa haki ila mgumu. Nikamwamkia vizuri, nikakaa chini, nikamweleza kwamba njia ile ndiyo ya kwenda kwa Mwinshehe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema shamba linataka mistari iliyonyooka, kamati imekwisha kupitisha, na anayetaka kwenda makaburini azunguke kwa bondeni. Bondeni, Mwinshehe! Unalijua bonde lile. Kiangazi miiba, masika maji ya kiuno. Nilimfikiria Mwanaidi anatoka eda, anauliza njia, anaonyeshwa bonde. Nikaondoka bila kubishana.

Nilikuwa na silaha nyingine. Arobaini yako ilikuwa karibu, na Mzee Kondo angekuwapo.

Hitma ikasomwa kwa Mwanaidi kijijini, watu wakala pilau, wakashiba, wakaegemea. Nikasimama nikasema mimi ni mtani wa marehemu na sijapewa haki yangu. Watu wakaanza kutabasamu, wakidhani nataka jogoo. Nikachukua shuka, nikaenda mpaka kwenye vigingi, palikuwa hapo tu mbele ya baraza, nikajilaza katikati ya njia kwa ubavu wa kulia, uso kibla, nikajifunika.

Mzee Kondo akasema, "Maganga, ondoka hapo. Trekta linakuja kesho."

"Maiti haambiwi ondoka," nikamjibu ndani ya shuka. "Maiti huzikwa. Nizike hapahapa, Mzaramo, kisha ulime juu yangu, mihogo yako iote na miguu iende Tabora."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nilimwona kupitia kwenye shuka anakunja uso, na wale mgambo wake wawili wakasogea, nikaona leo naondolewa kwa mabavu. Niliogopa, kwa nini nikufiche. Lakini mtani hakasirikiwi, hasa msibani, na Mzee Kondo analijua hilo kuliko mimi. Angeninyanyua kwa nguvu wangemsema mpaka Lugoba. Akaishiwa mbinu, akaagiza aletewe kiti, akakaa. Nami nikalala. Jua likapanda, shuka likawa kama tanuri, sisimizi wakanigundua. Nikawa nasema mara mojamoja, "Nanuka sasa, wenyeji, zikeni maiti wenu." Wanawake wakaanza kuniombolezea kwa utani, "Maganga wetu, umetuachia nani wa kushona magauni," mama mkwe wako ndiye kinara, anapiga kifua kwa madaha. Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Kondo anatoa pumzi, na kile kicheko alichokuwa amekizuia kikamtoka chote.

"Wanyamwezi," akasema, "mmekula nazi zetu, mmeoa dada zetu, na sasa mnakula shamba la kijiji. Haya, sema. Unataka upana gani?"

Nikakaa. "Upana wa mtu mmoja anayekimbia."

"Simama tupime."

Nikasimama ili wapime. Sasa sikiliza, hapa ndipo uliponifaa ukiwa kaburini. Mimi nakimbia na mikono imebana mbavuni, mtu mwembamba, ningepata njia ya paka. Nikakimbia kwa mtindo wako. Viwiko nje, Mwinshehe, nje kabisa! Watu wakapiga kelele, "Mwinshehe huyo! Mwinshehe huyo!" na Mzee Kondo mwenyewe akaving'oa vigingi akavisogeza huku na huku, na machozi ya kicheko yanamtiririka. Trekta lilipokuja kesho yake likalima kushoto, likainua jembe, likavuka, likalima kulia. Njia imebaki katikati ya shamba la kijiji, na upana wake ni wa viwiko vyako.

Kuanzia hapo nilikuwa nafyeka tu. Kila Jumapili napanda na panga, napiga majani kulia na kushoto, nafukuza nyani wako, nang'oa magugu juu yako, nasoma Fatiha, nashuka. Vijana wawili watatu wa mchakamchaka wameanza kunifuata. Mwanzoni walikuja kunicheka. Sasa wananiacha nyuma penye mteremko.

Juzi eda ya Mwanaidi imekwisha. Akaoga, akavaa kanga mpya, akanitumia ujumbe mjini kwamba anataka kwenda kwako. Nikafika asubuhi na mapema. Alikuwa mlangoni na shangazi yake, amebeba kibuyu cha maji na ubani kwenye chano kidogo. Akasema tu, "Shemeji, tangulia."

Nikatangulia. Tukapita katikati ya shamba, mihogo imefika magotini sasa, kisha tukaanza kilima. Sikukimbia, na safari hii kutembea hakukunisumbua. Shangazi akaanza kubaki nyuma, akasema nendeni, nitawafikia. Nilikuwa nimepanga kila kitu nitakachomwambia Mwanaidi tukikaribia: kwamba asishtuke kuona nyumba haina paa, kwamba kaburi ni la pili kutoka kwa baba yako, kwamba nimeweka mawe meupe pembeni ili alitambue.

Tulipofika kwenye mwinuko wa mwisho, pale ambapo makaburi yanaanza kuonekana, nikasikia nyuma yangu maji yanacheza kwenye kibuyu. Kisha nikasikia nyayo. Sikugeuka, nilidhani ameteleza. Mwanaidi akanipita. Kanga ameikunja mpaka magotini, chano amekikumbatia kifuani, peku, mtu mzima, mama wa watoto, anakimbia, Mwinshehe. Anakimbia kilima kile ambacho mimi na wewe tulikuwa tunakilaani. Hakuniangalia. Hakuuliza kaburi ni lipi.

Nikasimama palepale nilipokuwa. Nikakaa chini njiani nikamsubiri shangazi, na nikamzuia naye alipofika. Aliyokwambia Mwanaidi unayajua wewe. Mimi nilisikia sauti tu, na mara moja nikasikia anacheka.

Basi, mtani, nakuaga. Mungu akulaze pema, akunyooshee kila kilima kilichoko huko, nami akinikutanisha nawe nitakushinda mbio, maana sasa nimepata mazoezi na wewe umelala sana. Panga langu ni kali na mpini nimeubadilisha. Nakuahidi hivi: Mwanaidi akitaka kuja kwako, masika au kiangazi, asubuhi au alasiri, hatakuwa na haja ya kumuuliza mtu apite wapi.

Mtani wako,
Saidi Maganga
Bagamoyo